Nimemtia Wifi Yangu Hatarini Kwenye Kiti cha Meno, na Bado Ananishukuru

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama inawezekana naomba unisome leo, maana tangu juzi chakula hakipiti na usingizi umenipaa, na mtu ninayemwogopa kuliko wote hapa nyumbani ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hajanikosea lolote.

Mimi ni msaidizi katika kliniki ya meno, mwaka wa sita huu. Kazi yangu inaanza mgonjwa akishatoka: navaa glavu nene, nakusanya vyombo, nasugua damu kwa brashi, nafuta kiti, taa na mpaka vishikio vya droo, kisha vyombo navifunga kwenye pakiti na kuvitia kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Kila pakiti ina utepe, unaingia mweupe unatoka mweusi, na ukitoka mweusi ndiyo unajua mvuke umefanya kazi. Mashine ikimaliza unaweka tiki kwenye daftari lake. Sasa mshauri, nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, tiki zangu huwa naziweka asubuhi, zote za siku nzima, kwa sababu mchana foleni inajaa, daktari anaita huku na wagonjwa wanaita kule, na miaka yote hiyo sikuona kilichoharibika, nikajiona mjanja wa kazi.

Juzi asubuhi alikuja mzee mmoja akang'olewa magego mawili, na alipokuwa anasukutua akamnong'oneza daktari kwamba ana homa ya ini, ile inayopita kwenye damu, nami nikasikia, vyombo vyake nikavisugua mara mbili, nikavitia kwenye mashine, nikaiwasha, nikaenda stoo kupanga maboksi ya pamba. Stoo ina dirisha kubwa, huwa siwashi taa, kwa hiyo sikujua kwamba umeme ulikatika ukarudi, na mashine ikazimika mvuke haujafika hata nusu. Naingia nakuta mashine kimya, nafungua daftari naona tiki ipo, nikauamini mwandiko wangu mwenyewe.

Aliyekuwa anasubiri mchana huo ni wifi. Mimi ndiye niliyemleta, ana mimba ya miezi mitano, jino lilimtesa wiki mbili na alikuwa anatetemeka, nikamwambia usijali wifi, si nipo? Nikachana pakiti huku namtania ili asiliangalie koleo, utepe sikuutazama, jino likatoka, akaenda zake anacheka na pamba mdomoni. Ndipo nikaokota ile pakiti nikaitupe, utepe ni mweupe pe. Mshauri, nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa.

Nilimwambia daktari. Alifunga mlango, akauliza nani mwingine ameona, nikasema hakuna. Akaniambia, "Basi hakuna kilichotokea. Na ukifungua mdomo, kumbuka daftari lina mwandiko wako, si wangu."

Wifi anaishi na sisi. Jana aliamka akasema amechoka tu, mimba inamlemea, mimi moyo ukanipasuka. Nimemtengea kikombe na kijiko, navichemsha akitoka jikoni, na jana hiyo hiyo akanikuta navichemsha, akacheka, akaniuliza, "Wifi, siku hizi unanionea kinyaa?" Nikacheka naye, kisha nikaingia bafuni nikafungulia bomba nilie asinisikie. Huyu ndiye dada pekee wa mume wangu, mume akijua ataniacha, daktari atanifukuza, labda na polisi watakuja. Naogopa kusema, naogopa kunyamaza, naogopa hata anaponisifu kwa watu kwamba wifi yake ana mkono mwepesi. Nifanyeje? Namba yangu nimeiacha, ila tafadhali usipige, naweza kuwa naye karibu.

Ni mimi, ninayetetemeka.

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, umesema nisipige na nimepiga mara nne tangu nifungue ujumbe wako asubuhi hii. Hupokei. Ndiyo maana barua yako imeruka foleni, na ninaijibu sasa hivi hewani, saa nne, wenzako walioandika tangu wiki iliyopita watanisamehe.

Pole. Naisema kwa moyo, kwa sababu najua hofu inavyomfanya mtu. Ila pole yangu inakomea hapo, maana barua nzima unalilia ndoa, kazi na polisi, na mwenye mimba umemkumbuka kwa kikombe tu.

Mimi si daktari, nikampigia anayejua. Amesema homa hiyo ina chanjo, na ipo sindano ya kinga, na mtu anaweza kupewa hata baada ya kuguswa na damu, mjamzito pia. Lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Ingefaa siku ile ile. Na yapo maradhi mengine ya damu, ambayo huenda hata yule mzee hajui kama anayo, dawa zake za kinga zinaanzwa ndani ya saa sabini na mbili, zikipita basi tena. Tangu juzi mchana zimebaki zisizofika thelathini. Homa ya ini haipiti kwenye kikombe cha chai, binti. Umekuwa ukijikinga wewe na mtu uliyetakiwa kumkinga.

Huyo daktari wako usimsikilize. Alipofunga mlango alikuwa anajiokoa yeye. Pakiti ile kama ipo itunze, andika saa na kilichotokea, upeleke kwa wasimamizi wa afya, na useme pia habari ya tiki za asubuhi. Maana kuna swali hukuniuliza: miaka sita, umeme ulikatika mara ngapi ukiwa stoo? Wewe hujui, mimi sijui, na hilo limenitisha kuliko yote uliyoandika.

Lakini hilo ni la mchana. Sasa hivi nenda kwa wifi yako, mwambie yote, mpeleke hospitali, na huko mtaje ugonjwa wa yule mzee ili wasipoteze muda. Mumeo atakasirika na ana haki ya kukasirika. Siwezi kukuahidi ndoa.

Na nikwambie ukweli mmoja, usije ukasema nimekuzunguka. Nilipoamua kuisoma barua hii hewani, nilijua kwamba naye anaweza kuwa amefungulia redio. Nimeisoma nikijua hivyo.

Kwa hiyo wewe mama mwenye mimba ya miezi mitano, uliyeng'olewa jino juzi huku wifi yako yupo pembeni anakutania: kama unanisikia, ni wewe. Ya ugomvi utayasema baadaye, haki yako ipo. Vaa viatu, nenda hospitali sasa, usimsubiri akuambie.