Nimekwenda Chake Kuulizia Udaktari

Baba Mwatum na wanangu,

Muhogo wa nazi umo chunguni, upasheni moto. Karafuu nimezianika uani. Wingu likitanda tu ziingizeni, msingoje mvua.

Nimekwenda mjini Chake kuulizia masomo ya udaktari. Mwatum, uliponicheka asubuhi ukisema tutashonewa sare za shule pamoja, nilinuna. Kisha nikaenda kucheka jikoni peke yangu. Mjinga wewe!

Lakini si mzaha. Alfajiri, nyinyi mmelala, alikuja shangazi yenu Masika. Ana uvimbe kwenye titi, kauficha tangu Ramadhani, anaona haya kutazamwa na daktari mwanamme. Hili lisitoke nje ya mlango. Nikamwambia mie muuguzi tu, twende hospitali. Akanijibu, "Basi nitakungoja wewe usome."

~~Wakinikataa, sitalitaja tena.~~ Wakinikataa, nitarudi mwakani.

Baba Mwatum, kanzu yako ya Ijumaa nimeipiga pasi, kwa hiyo usinune. Dada yako nimefuatana naye. Nitaingia naye kwa daktari nimshike mkono. Miaka yote hiyo yeye hawezi kuningoja. Watakaokuja nyuma yake ndio ninaowasomea.

Mama yenu