Sale Ndani ya Meli

Jumatano, Agosti 1955. Tumeiacha Tanga alfajiri, tunaelekea Unguja. Jua linachoma na upepo ni mwingi. Naandika nimekaa juu ya furushi langu kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukaa.

Sisi wa daraja la tatu tumewekwa sitaha ya chini, watu kumi na wanne wa ukoo mmoja kwenye mikeka minne. Wazungu wako juu kwenye viti vya kitambaa. Mama anasali tangu aone maji. Shangazi Yosefa amebeba mkungu wa ndizi kutoka kwetu Kilema, mlimani, utadhani Unguja hawali, na anamsumbua kila baharia amwonyeshe jiko apike mtori.

Nauli zetu sote amelipa Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Kahawa imefanya vizuri, akasema hataki kufa bila kuiona bahari, wala hataki kuiona peke yake. Alinitumia ujumbe mpaka Majengo, mjini Moshi, ninakopanga chumba na kushona nguo za watu: niende nikatembee na wenzangu, kisha nitarudi kwenye cherehani yangu. Nilifurahi, nakiri. Nilijishonea hata gauni la buluu, nikalijaribu mara tatu mbele ya mama mwenye nyumba.

Mjinga mimi.

Aloisi alikuwa behewa la nyuma la treni yetu tangu Moshi. Nilimwona gatini Tanga, amesimama nyuma ya Baba mkubwa, anaangalia viatu vyake. Ni mume wangu wa ndoa ya kanisani. Miaka miwili iliyopita, msimu wa kuchuma kahawa, alinipiga mbele ya wachumaji kwa sababu chakula kilichelewa. Jino moja likatoka. Siku ileile niliteremka mjini kwa miguu, na sijapanda tena Kilema.

Nilipogeuka kumtazama Mama, alikuwa amefumba macho. Nikajua wote walijua. Ningeweza kukataa kupanda, lakini watu walikuwa wanasukumana nyuma yangu, nami nikapanda.

Kule Majengo nina mlango. Wakija wajumbe wa kuniomba nirudi, nasema nina kazi ya watu, naufunga. Hapa nimeizunguka sitaha mara sita, na kila nikigeuka nakutana na jamaa yangu anayeniuliza kama nimekula.

Saa nne Baba mkubwa akatuita mikekani. Shangazi akafungua kitambaa kibichi alichokuwa akikimwagia maji njia nzima. Ndani mlikuwa na jani la sale, bado la kijani, limefungwa fundo.

Sale ni lile jani tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mkosaji akikuletea sale lenye fundo, humnyimi msamaha, hata kama amekuulia ndugu. Njia pekee ya kulikwepa ni kuhakikisha hakukuti. Nawajua watu kule kwetu waliolala kwa jirani wiki nzima ili mwenye sale asiwapate. Ndiyo maana walinileta kwenye maji.

Aloisi akalichukua jani, akapiga magoti. Meli ikayumba, akaishika ndoo ya Mama ya kutapikia ili asianguke. Hakuna aliyecheka.

"Nilikukosea mbele ya watu, Felista," akasema. "Nakuomba mbele ya watu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Shangazi akapiga vigelegele mpaka baharia akaja kuuliza nani amejifungua. Kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikafunguliwa, wakaanza kupanga nani ataenda Majengo kuchukua vitu vyangu na cherehani itakaa chumba gani. Mimi hawakuniuliza kitu.

Sasa naandika jambo ambalo sikulitarajia. Nimemsamehe kweli. Nililishika lile jani, nikaitafuta hasira yangu, sikuiona. Hapo ndipo nilipoogopa. Kwa miaka miwili hasira ile ndiyo ilikuwa ikinijibia kila aliyekuja kunibembeleza. Na kuna lingine la aibu: alipopiga magoti, jasho likimtiririka, mkono wangu ulitaka kumfuta.

Lakini sitaki kurudi.

Nataka tu kuishi bila kusikiliza hatua za mtu mlangoni ili nijue leo amekujaje. Sina sababu nyingine, na sijui nani kwenye mikeka hii angeiita sababu.

Baada ya chakula nilimkuta Aloisi peke yake, ameegemea ukingo wa meli. Nikamwambia.

"Nilijua," akasema. "Ulilipokea bila kuniangalia. Ila mimi siwezi kuwaambia. Waambie wewe."

Hata hilo ameniachia mimi.

Nikaenda kupiga magoti mbele ya Baba mkubwa. "Baba mkubwa, jani limeomba msamaha, nimetoa. Halikuomba nirudi."

"Kwetu hayo ni jambo moja, mwanangu."

"Kwangu ni mawili, baba."

Akayatazama maji. "Una jeuri ya marehemu baba yako," akasema, kisha akaagiza kibuyu kifunikwe.

Tangu hapo hakuna anayezungumza nami. Shangazi ameacha kutafuta jiko. Bado Unguja, bado Dar es Salaam, bado njia yote ya kurudi, na pa kwenda sina. Mara mbili nimetamani niende niwaambie nimebadili mawazo, ili tu mtu anipe kikombe cha chai.

Muda mfupi uliopita Mama alikuja akakaa kando yangu. Nilijiandaa kwa machozi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku ile nilipoteremka mjini niliogopa.

Nikamwambia niliogopa sana, njia nzima.

"Mimi niliogopa zaidi," akasema. "Ndiyo maana sikuteremka."

Miaka yote ile nyumbani kwetu sikuwahi kujua kwamba naye alitamani kumkimbia baba. Kisha akarudi mkekani kwake. Meli ikitia nanga Unguja nitamshika mkono tushuke sisi wawili, bila kumwomba mtu ruhusa.