Pango la Barafu Lililokuwa Lako, Kaka Deo

Kaka Deo,

Leo Jumapili. Studio imefungwa, wifi amewapeleka watoto kanisani, na mie nimebaki kwenye meza yako ya mbele. Feni inazunguka, mabasi ya mwendokasi yanapita Morogoro Road na kutikisa vioo vya fremu ukutani. Barua hii nimeshaianza mara nyingi nikaichana. Kila nikianza najikuta nakuandikia salamu za rambirambi, kama vile mfiwa ni wewe. Safari hii naandika tu, itoke itakavyotoka.

Nimetoka mlimani, Kaka. Nilikwenda kule ulikokuwa uende wewe. Niliingia ndani ya barafu, na nusura nisitoke.

Ngoja nianze nyuma kidogo, maana hujui lolote tangu pale ukumbini Chang'ombe.

Ulianguka wakati maharusi wanakata keki. Watu walidhani umepiga magoti kutafuta picha. MC akatania, "Mpiga picha wetu leo ameamua kusali!" na ukumbi mzima ukacheka. Wifi ndiye aliyenisimulia, kwa sababu alikuwa pembeni yako ameshika taa kama kawaida. Yeye hakucheka. Aliona kamera imegusa sakafu, na wewe kamera hukuwaga unaiacha iguse chini. Mnafika hospitali, ulikuwa umeshaondoka. Moyo, walisema. Basi. Neno moja, na mtu mzima mwenye watoto wawili akawa wa kuzikwa.

Tulikulaza makaburini Kinondoni, jirani na Mama. Matanga yalipoisha, Baba akaitisha kikao sebuleni kwako. Mie nilikaa mkekani na wifi. Hakuna aliyetuuliza kitu. Baba alisema, "Sabina ana elimu, hana mume, hana mtoto, na kamera anaijua, Deo mwenyewe alimfundisha. Atashika studio. Na hawa watoto sasa ni wake." Halafu akanigeukia na macho mekundu ya kulia. Mzee amezika mke, amezika mwana, unamjibu nini? Nikasema, "Sawa, Baba."

Kwa neno hilo niliacha shule niliyokuwa nafundisha Kibaha, nikaacha kidato cha pili wakiwa katikati ya mada, nikahamia Manzese kulala chumba kimoja na wanao.

Sikukulaumu. Angalau sikuwa najua kwamba nakulaumu. Asubuhi nafungua mlango, mtu anachungulia, "Deo yupo?" Namweleza. Anashika kichwa, anakaa kwenye benchi, anataka nimsimulie ulivyokufa kabla sijampiga picha ya paspoti. Wengine walipozoea wakaanza kuniita Deo wa kike. Nikawa navaa ile vesti yako ya mifuko mingi, maana betri zilishazoea kukaa humo. Jumamosi send-off ya kumuaga bibi harusi, Jumamosi nyingine harusi, na kila nikipangiwa ule ukumbi wa Chang'ombe napita kwa kuambaa ukuta nisikanyage pale ulipoangukia. Nikiwapanga maharusi nakusikia, "Ticha, usiwaambie watabasamu. Subiri wasahau kwamba upo." Nilikuwa nasubiri hivyo hivyo, Kaka, na aliyesahaulika nikawa mie.

Ndipo akapiga simu yule bwana wa Moshi mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii. Aliuliza uko tayari lini. Mlikuwa mmekubaliana uende na mwongozaji wake mpaka kreta, lile shimo la volkeno kileleni, ukampigie picha za mapango yaliyo kwenye barafu ya juu, kabla hayajayeyuka yote. Hukuwahi kuniambia. Nilipompa habari akasema, "Pole sana, dada." Kisha akauliza, taratibu, "Na wewe je, unapiga?"

Wifi alikuwa anafuta fremu, akadakia kabla sijafungua mdomo, "Nenda, wifi. Huku nitaangalia mie." Nikaenda. Sikwenda kwa hamu. Nilikwenda kwa sababu hata mlimani palihitajika mtu wa kuwa wewe.

Mwongozaji wangu alikuwa mwanamke, Anjela, mdogo kwangu kwa umri, mzaliwa wa Marangu. Tulikuwa naye na wanaume wawili wa kubeba mizigo, wagumu kama wanavyoitwa kule. Nilipewa koti la kukodi lililokuwa na harufu ya jasho la watu nisiowajua. Siku za kupanda sitakuchosha nazo. Kichwa kiliuma kama kimefungwa waya. Chakula kilikuwa kinarudi. Usingizi ukija, nashtuka nikitafuta pumzi. Anjela alikuwa ananifunga kamba za viatu kwa sababu nikiinama nilikuwa naona giza.

Lakini kreta, Kaka! Mchanga mweusi wa volkeno, mkavu kabisa, na katikati yake ukuta wa barafu umesimama wima, mrefu kuliko ghorofa. Nilikuwa nikiuchora huo ubaoni kwa chaki, nawaambia watoto "hapa ndipo barafu ilipo", na wao wanaandika. Nilisimama mbele yake nikalia. Barafu niliyoijua mie ni ile ya ubuyu ya Mama, iliyofungwa kwenye vifuko, tuliyokuwa tunaiuza pale getini huku wewe ukinyonya moja kwa siri na kunisingizia mie.

Chini ya ukuta kulikuwa na uwazi, wa kuinama ukapita. Anjela aliukagua, akasikiliza, akapapasa. "Tunaingia, unapiga, tunatoka. Hatukai." Wagumu wakabaki nje na mizigo.

Ndani ni buluu, Kaka. Siyo buluu ya bahari wala ya anga, sina cha kuifananisha nayo. Mwanga unapenya kwenye barafu yenyewe, kwa hiyo hakuna kivuli, uso wa Anjela ulikuwa hauna upande wa giza. Dari ina mabonde kama kifuko kilichofinywa na vidole. Nilipiga. Vidole vilikufa ganzi nikaendelea kupiga. Kwa mara ya kwanza tangu nishike ile kamera sikukusikia sikioni.

Halafu ukasikika mlio, kama bati likipata jua la mchana. Mmoja tu. Anjela akanishika mkono, "Tutoke. Sasa." Tulikuwa hatujageuka, kipande cha ukuta kikaporomoka kwa nje, kikakaa mlangoni.

Sikupiga kelele. Nilitazama tu pale palipokuwa na mlango. Mwanga ulibaki ule ule wa buluu, mzuri vile vile, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Nilisukuma kwa mabega. Nilipiga kwa mateke. Ni kama kusukuma nyumba. Anjela aliita wagumu kwa majina. Sauti ikarudi kwetu. Akagonga kwa fimbo yake ya chuma. Akasikiliza. Kimya.

"Wanakwenda kutafuta zana," alisema. "Wanajua tupo." Lakini niliona anavyogonga tena pale pale, akaona kwamba nimeona. "Dada Sabina, nimepanda huku miaka, hili halijawahi kunipata. Usiniache na kimya. Ongea. Ongea lolote."

Lolote lililonijia lilikuwa wewe, na halikuwa jema. Nilikuwa nimekaa juu ya barafu, maji yameshapenya suruali, meno yanagongana, nikasema kwa sauti, "Deo, hapa ni mahali pako. Kwa nini nipo mimi?" Nilikutukana, Kaka. Tusi lenyewe unalijua, ni lile la Mama akikasirika. Nilisema nimelala kwenye kitanda cha mtoto wako, nimevaa nguo yako, nimeitwa jina lako, na sasa nakwenda kufa kifo chako cha ziada. Anjela hakushangaa wala hakunituliza. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Huyo Deo ni nani?" Nikamwambia, "Kaka yangu. Amekufa. Nampenda." Tukacheka, sijui kwa nini, kicheko kile cha watu waliokosa pa kukimbilia.

"Endelea kuongea," akasema, "ila nieleze kitu kingine. Nieleze hii." Akapiga ukuta kwa kiganja.

Nikaanza. Theluji ikianguka na isiyeyuke, mwaka juu ya mwaka, uzito wake unaibana ile ya chini mpaka hewa inatoka, inageuka barafu ngumu. Nikamweleza kwa nini inakuwa buluu. Nikamweleza jua linavyoila ukutani. Alikuwa anauliza maswali ya kweli, namjibu, nachora kwa kidole barafuni, narudi nyuma kuhakikisha ameelewa. Nilijikuta nimesimama. Kaka, nilikuwa nafundisha. Nimefungiwa ndani ya mlima, sijui kama nitaona jioni, na kifua changu kimekaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Tukasikia kugonga. Wagumu walikuwa wamepata shoka dogo la barafu, wanachonga upande wa chini. Walichonga kwa muda mrefu mno. Hatimaye kikatokea kitundu, kisha mkono wenye glovu, kisha sauti, "Dada, mpo?" Anjela akajibu, "Tupo wote!" na hapo ndipo alipoanza kulia.

Alinilazimisha nitangulie. Nilisukuma kamera, ikavutwa. Nikaingiza kichwa na mikono, nikalala kifudifudi, nikatambaa, na pale katikati vesti yako ikanasa, ile mifuko. Sikwenda mbele, sikurudi nyuma. Barafu mgongoni, barafu kifuani. Nikivuta pumzi inanibana zaidi. Mtu wa nje anavuta, Anjela kwa ndani anasukuma nyayo zangu, na mie sisogei. Nilifikiri, ndivyo ninavyoishi, kumbe. Sijui ilichukua muda gani. Anjela akapiga kelele, "Toa pumzi yote! Yote, dada!" Nikaitoa, vesti ikachanika ubavuni, nikatoka nikiwa nakula mchanga. Anjela akafuata. Tulikaa tumekumbatiana juani, na yule jamaa wa shoka akawa anazunguka tu, anasema "Asante Mungu, asante Mungu," hajui afanye nini na mikono yake.

Nilirudi Manzese bila kumpigia mtu simu. Nilipofika mlangoni nilimkuta wifi kazini. Alikuwa amesogeza taa zako, amemkalisha mama mmoja na mjukuu wake, anawachekesha, anapiga, anakwenda kwenye kompyuta kusafisha picha, mikono inajua inakokwenda. Aliponiona akaiweka kamera chini haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Nilisubiri wateja waondoke. Nikamwambia, "Wifi, mie nataka kurudi kufundisha."

Alinitazama mpaka nikaogopa. "Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Nilidhani mnanihitaji."

"Na mie nilidhani wewe ndiye unaitaka studio! Kila nikishika kamera naogopa utasema nakunyang'anya cha kaka yako. Wifi, miaka yote hii nani alikuwa anamshikia taa? Taa ya Deo naijua kuliko mtu yeyote." Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, akafunika uso kwa kanga. "Hakuna aliyeniuliza. Nilikaa mkekani pale, mjane wa mtu, nikasikia wanangu wanagawiwa."

Kaka, tulikuwa tumekaa mkeka mmoja.

Nisikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Baba alipoambiwa alisema, "Kwa hiyo mnamzika Deo mara ya pili." Tangu hapo nikimpa shikamoo anaitikia marahaba, na hapo maongezi yameisha. Kibaha nafasi yangu imeshajazwa. Shule moja ya Kinyerezi imeniambia nisubiri, na kusubiri kwao hakuna mwisho. Bado nalala chumba cha watoto. Bado mtu anachungulia mlangoni kuuliza kama upo. Kuna mchana, joto likikolea, nasikia ule mlio wa bati, nainuka nakwenda kusimama barabarani mpaka moyo utulie.

Ila picha zimekubaliwa. Yule bwana amezisifu. Nilimwambia ziandikwe jina langu.

Kuna jambo nimelitunza mwisho kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika. Wiki iliyopita mwanao Jose alirudi kutoka shule na kaptura imechanika, mjomba mmoja alikuwa ametutembelea, akamshika kichwa akamwambia, "Wewe usicheze cheze tena. Wewe ndiye Deo wetu sasa." Mwanao akasimama wima. Alinyoosha mabega, Kaka, mtoto wa darasa la tatu, akasema, "Sawa, mjomba." Kwa sauti ile ile niliyomjibia Baba mie.

Nilinyamaza siku ile, na sijalala vizuri tangu hapo. Sasa nakuahidi: neno hilo likisemwa tena mbele yangu nitalikatiza, awe amelisema mjomba, awe amelisema Baba mwenyewe. Jose atakuwa Jose. Akitaka kamera mama yake atamfundisha, asipoitaka aende acheze.

Wanarudi kutoka kanisani, nasikia kelele zao kwenye ngazi. Pumzika, Kaka. Mahali pako hapana mtu. Tumepaacha wazi, na tutapazoea hivyo.

Mdogo wako,
Sabina