Bastola Isiyokwama

Jumapili, Juni 2018

Wanafiki wakubwa! Leo baada ya ibada Pascal, anayelinda duka peke yake katika kitongoji cha Alexandra, ametuuliza sisi watatu, fundi cherehani, shemeji yake na mimi, tulionunua kila mmoja bastola ya chapa ile ile isiyojulikana, kama naye ainunue.

Fundi cherehani akaapa, "Haijawahi kukwama, ndugu yangu." Itakwamaje? Tangu apate leseni imelala kwenye sefu, imeviringishwa kwenye kitenge cha mkewe. Shemeji yake akasifia wepesi wa bastola yake. Alipoulizwa magazini ya akiba, kile kisanduku cha risasi, inapatikana wapi, akakohoa. Mtu akishanunua kitu kibovu hatulii mpaka apate mwenzake.

Kisha Pascal akanigeukia. "Na wewe, kaka?"

Yangu ilikwama mara mbili wiki jana, nilipokuwa nafanya mazoezi ya shabaha.

"Nzuri sana," nikasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.