Damu ya Mtoto Mzima

Baba Herieth,

Alfajiri wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji kama moshi usio na moto, na mtoto akawacheka huku akirusha miguu. Nikamtazama mpaka chai ikapoa.

Ugali na dagaa wa usipa nimefunika jikoni. Usipa ulioanikwa ugeuze, kuku wasiukaribie. Tunapanda boti ya Lituhi, Herieth akapimwe damu hospitalini. ~~Usikasirike.~~ Kasirika, lakini kula kwanza.

Asubuhi hii mama yako amenicheka: "Mtoto ana mashavu kama maandazi, mnampima nini?" Wewe nawe ulisema damu ya mtoto mzima haitolewi. Kweli ni mzima. Hata muuguzi wa kliniki alisema hivyo, ila akashauri apimwe ule ugonjwa wa damu wa kurithi kabla haujajionyesha. Akauliza kama ukooni kwangu yupo mtoto aliyevimba vidole, maana ndiyo dalili yake. Mama yangu, niliyekwenda naye, akawahi kunijibia, "Hakuna." Nikainamisha macho.

Mama Herieth

Mdogo wangu Tobias hakuzama ziwani kama mlivyoambiwa. Alivimba vidole. Niliacha shule ili nimbebe, akafia mgongoni mwangu, nami nikaendelea kutembea nikidhani amelala.