Nawafundisha Kusoma Watoto wa Wenzangu, wa Kwangu Anainama kwenye Basi

Mpendwa Bi. Asteria,

Shikamoo. Nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, naomba unisaidie, na tafadhali usitaje jina langu wala la shule, majina mengine humu nimeyabadilisha, maana Katoro ni mji mkubwa kwa mizigo tu, kwa maneno ni kijiji, nikijulikana leo jioni kesho asubuhi hata muuza maandazi atakuwa ananitazama kwa jicho lingine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mwaka wa kumi na moja sasa nafundisha darasa la kwanza, na bila kujisifu kumfundisha mtoto kusoma najua, mwaka huu nina watoto mia moja arobaini na saba katika chumba kimoja, wengine wanakaa sakafuni, wengine walikuja Januari hawajui hata Kiswahili maana nyumbani kwao ni Kisukuma tu, na sasa tunaelekea kufunga shule wengi wao wanasoma sentensi nzima, mpaka afisa elimu kata alikuja akawapima na kunipongeza mbele ya walimu wenzangu. Sasa tatizo ni kwamba na mimi nina mtoto, binti mmoja tu, anaitwa Ritha, ana miaka saba, yuko darasa la pili, na hasomi shuleni kwangu, anasoma shule binafsi, zile za ingilishi midiamu zenye basi la njano.

Sikufanya hivyo kwa kujidai, Bi. Asteria. Mwaka ule Ritha anafikia umri wa kuanza shule kulikuwa na mtoto darasani kwangu alikaa mpaka mwezi wa tano sijalijua jina lake, mtoto mpole, hasumbui, hanyooshi mkono, na nililijua siku mama yake alipokuja kumhamisha, nikaogopa sana, nikasema wangu asije akawa huyo kwa mwalimu mwingine. Mume wangu Thobias, ambaye ana karasha mbili za kusaga mawe ya dhahabu, naye alitaka sana, alisema watoto wa wenzake wote pale kazini wanabebwa na basi, wa kwake atembee kwenye vumbi kana kwamba baba yake hana kazi? Basi tukampeleka, na alipomaliza chekechea wakamvalisha joho na kofia kama wa chuo kikuu, Thobias akachinja ng'ombe.

Shida ni kwamba kwenye vikao vya wazazi mimi ndiye ninayepewa nafasi ya kusema, na kila mwaka nawaambia wasihamishe watoto, wasidanganywe na sweta na soksi ndefu, shule yao ni nzuri na walimu tupo, sasa ningeonekanaje wangu akishuka kwenye basi na sweta hilohilo? Kwa hiyo Ritha hapandii basi nyumbani, bodaboda anampeleka mpaka karibu na sheli ndipo apandie, na kwa kuwa basi linapita mbele ya shule yetu nimemfundisha wakifika pale ainame chini ya dirisha mpaka wapite, tulianza kama mchezo, akazoea. Mwezi uliopita tulikuwa na kikao uwanjani, nimesimama mbele nasema maneno yangu yaleyale, basi likapita, wazazi wote wakageuka kulitazama, watoto wamejaa madirishani wanapunga mikono, na dirisha moja halina kichwa. Nilisahau nilichokuwa nasema, nikawaambia wazazi asanteni, nikakaa.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani Sesilia, mwanafunzi wangu wa darasa la kwanza, mama yake anaponda mawe machimboni na hakusoma, amemtuma aniletee karanga, maana mtoto alimsomea ujumbe wa simu uliotoka kwa mjomba wake wa Masumbwe, mama akalia, akamshukuru Mungu, akasema kwa Kisukuma chake cha asante, "Kamwambie mwalimu wabeja sana." Karanga zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti. Nikawaacha barazani yeye na Ritha wanamenya, nikamsikia Sesilia anasoma lile gazeti, polepole, ma-to-ke-o, anakwama, anarudi, anaendelea. Halafu akasema, "Haya zamu yako, we si uko darasa la pili?" Ritha akalishika gazeti akaanza kuimba ei, bi, si, di mpaka mwisho, kwa sauti nzuri kabisa ya Kizungu. Sesilia akamwambia, "Siyo wimbo, kuna maneno hapo."

Ritha akaingia ndani, akaniuliza nani kamfundisha yule. Sesilia akajibu kutoka nje, "Si mama yako!" Ritha akanitazama, akasema, "Mama, na mimi nifanye nini ndiyo unifundishe?"

Nimempima mwenyewe baada ya hapo. Kiswahili hasomi, Kiingereza hasomi, anachora tu herufi kutoka ubaoni, anazichora vizuri, na ripoti yake inasema ni wa tatu katika watoto kumi na wawili. Walimu wake walituambia tangu mwanzo tusimfundishe Kiswahili nyumbani, tutamvuruga, nami nikatii. Nimemweleza Thobias, anasema dawa ni kumpeleka bweni Kahama mwezi wa kwanza, shule kubwa zaidi, nafasi ameshaipata na godoro ameshanunua. Moyo wangu unakataa mtoto wa miaka saba kwenda kulala kwa watu, lakini nikimrudisha kwangu wazazi watanicheka na mume wangu ataona nimemdhalilisha. Nifanyeje, Bi. Asteria? Zimebaki wiki mbili tufunge shule.

Mwalimu, Katoro

Bi. Asteria anajibu:

Shikamoo, mwalimu. Najua mimi ndiye mkubwa, lakini mtu anayewafanya watoto mia moja arobaini na saba wasome ndani ya mwaka mmoja, wengine wakiwa wamekalia saruji, anastahili kuamkiwa na kila mtu. Umeshaitikia marahaba? Haya, sasa kaa chini, maana heshima yako imeishia hapo.

Hebu nihakikishe nimekuelewa. Wewe ndiye fundi wa kusomesha katika kata nzima, mpaka afisa kaja kukupigia makofi. Mtoto wako analala nyumba moja na huyo fundi, anakula meza moja na huyo fundi, na kila asubuhi mnamkodia bodaboda, mnamuunganisha na basi, ili afike mbali akakutane na mtu asiyejua kumfundisha. Jambo hilo limehitaji mipango, usafiri na nidhamu ya hali ya juu. Hongereni sana wewe na Thobias.

Eti "tutamvuruga"! Miaka kumi na moja umewapokea watoto wasiojua neno la Kiswahili, ukawatoa wanasoma, halafu kijana wa juzi mwenye tai anakuambia lugha ya nyumbani itaharibu akili ya mtoto, unaitikia "sawa, mwalimu." Hukumwamini yule, uliogopa tu kuangalia. Mwalimu wa darasa la kwanza anamtambua mtoto asiyesoma kwa namna anavyokishika kitabu, na wako ulikaa naye miaka miwili ukashindwa kumtambua? Mdanganye Thobias, mimi niache.

Hata hivyo tusimnyime mtoto sifa zake. Anajua kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza safi, ila akifika huko hajui mlango upi umeandikwa wasichana. Ni wa tatu darasani, na mimi nina hamu kubwa ya kuwajua wale tisa waliobaki nyuma yake. Amehitimu kwa joho, na ng'ombe ameliwa. Ninazo taarifa za ng'ombe wengi waliokufa huku kwetu, kwa ukame, kwa ugonjwa wa ndigana, kwa mahari, lakini huyo wa kwenu ndiye aliyekufa kwa sababu ndogo kuliko wote.

Na lipo somo moja ulilomfundisha mwenyewe, akalifaulu vizuri, la kuinama akifika mbele ya kazi ya mama yake. Hapo sina utani, mwalimu. Nilipofika kwenye lile dirisha lisilo na kichwa niliiweka barua yako pembeni nikaenda kwanza kuteka maji. Mtoto wa miaka saba hajui habari za vikao na wazazi. Anachojua ni kwamba kila siku kuna mahali anatakiwa asionekane, na mahali penyewe ndipo alipo mama yake. Halafu unashangaa anapouliza afanye nini ndiyo umfundishe.

Hofu yako ya mwanzo siicheki. Yule mtoto aliyekaa mpaka mwezi wa tano bila jina angemtisha mama yeyote, na kama hukulala siku ile basi ulikuwa na haki. Lakini angalia ulichofanya na hofu hiyo, ulimkimbiza wa kwako ukawaacha wengine mia na zaidi kwenye hatari ileile, ukasimama uwanjani kuwaambia mama zao wasihame. Siku Ritha atakapokosa dawati ndipo utakapoijua njia ya kwenda ofisi ya kata, na nina hakika utaijua mpaka kwa miguu, mvua ikinyesha.

Kabla wenye shule binafsi hawajaniandikia kwa wino mwekundu, niseme kwamba zipo zinazofundisha kwelikweli, na zipo za serikali ambako mtoto anamaliza darasa la saba akiandika jina lake kwa kubahatisha. Nayajua yote hayo, siishi mwezini. Rangi ya basi haimfundishi mtu, wala rangi ya sketi. Anayemfundisha mtoto ni yule anayesimama mbele yake kila asubuhi, na wazazi wengi wangeuza mali zao ili wamjue mapema ni mtu wa namna gani. Wewe unamjua. Ukijitazama kwenye kioo unamwona.

Sasa habari ya Kahama. Godoro limeshanunuliwa! Basi tumekwisha, maana inaelekea godoro likishanunuliwa kwa ajili ya bweni haliwezi kulaliwa nyumbani. Mtoto hajui kusoma, kwa hiyo dawa ni kumpeleka mbali zaidi na mtu anayejua kumfundisha, na tena usiku asiwepo mtu wa kumfunika shuka. Akishindwa na huko, sijui Thobias atampeleka nchi gani.

Nisikilize vizuri, sirudii. Ritha haendi bweni. Godoro litandikwe chumbani kwake leo, alifurahie likiwa jipya. Na Thobias usibishane naye, maana mwanamume aliyekwisha chinja ng'ombe habadilishwi kwa maneno. Mwombe akae barazani nusu saa, mwite Sesilia, mpe kila mtoto kipande cha gazeti, na wewe funga mdomo. Mtu anayelijua jiwe lenye mali na jiwe tupu kwa kulishika tu mkononi hatahitaji umfafanulie. Akikasirika, mwache akasirike, anayo haki, wamemuuzia jiwe tupu tangu chekechea. Ila hasira hizo azimalizie kwako na kwa waliompa ripoti, zisimfikie mtoto.

Shule zikifungwa, anza kumfundisha siku hiyohiyo. Saa moja kila alasiri, silabi kama unavyowafundisha wa wenzako, bila kumwambia mbona wenzio wanajua. Mama Sesilia akikubali, mtoto wake awepo kama rafiki, asiwepo kama mfano. Mwezi wa kwanza mwandikishe Ritha shuleni kwako arudie darasa la pili. Usithubutu kumpandisha la tatu kwa kuona aibu, umeshaona aibu yako inavyomfaidisha. Kiingereza atakikuta mbele, wala hakitahama.

Siku ya kufungua, usimpitishe kwa nyuma kwenye vyoo. Mshike mkono, pita naye getini saa ile wazazi wamejaa, taratibu, amevaa sketi ya bluu kama wenzake. Na kikao cha kwanza kikiitishwa, simama useme kabla hawajakusemea, "Mwanangu nilimpeleka kwingine, nimemrudisha." Ukimaliza, kaa, usieleze mengine. Watakucheka, tena watakucheka hasa, nami ningekuwepo ningewaongoza. Kisha watachoka, kwa sababu watu wa Katoro wana kazi nyingi, na mama mmoja au wawili wenye watoto kwenye lile basi wataenda nyumbani wakawape watoto wao gazeti.

Kwa Ritha ni kitu kingine. Najua unataka kumwomba msamaha leo. Ngoja kwanza. Kata ukurasa huu wa gazeti, uukunje, uuweke pamoja na vyeti vyako. Siku atakapokuwa na uwezo wa kuusoma mwenyewe, kuanzia juu mpaka hapa, bila wewe kumsaidia hata neno moja, mpe. Kaa karibu naye mpaka amalize, ndipo umwombe.