Chumvi ya Uvinza na Dawa ya Shingo

Dar es Salaam,
Jumatano.

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku nilipo naamka, nakula, nalala, na katika yote hayo nakukumbuka. Goti lako linasemaje? Na Furaha wangu, bado anakataa kulala mpaka umpapase mgongo? Mwambie mama yake hajapotea, yuko kwa madaktari wa shingo. Dada Agnesi, binti wa shangazi aliyenipokea, anakusalimu. Ni mzima, ila mimba imemchosha.

Katekista atakayekusomea barua hii namwomba asome polepole, tena mkiwa wawili tu. Mambo yenyewe hata mimi ninayeandika sijayaelewa vizuri.

Barua yako niliipata. Nimefurahi kusikia kwamba majina yetu yametoka kwenye orodha ya wanaorudi Burundi, na kwamba boti itaondoka Kigoma mwisho wa mwezi. Baba Furaha, aliyetangulia kurudi huko nyumbani, lazima ameshaanza kutuandalia kitanda. Unasema niwahi treni, tuvuke wote watatu. Hapo ndipo kichwa changu kilipokwama, na nitakueleza kwa nini.

Daktari amesema rovu langu, huu uvimbe wa shingoni, si kama yale tuliyozoea kuyaona kwa mabibi wa kwetu. Hili lina kiherehere. Tezi inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Likiachwa, moyo utachoka. Dawa yake ni ya kunywa mara moja tu. Ina miale, na inakwenda yenyewe mpaka shingoni kuiunguza tezi. Nikauliza dawa hiyo ni nini. Akasema ni madini joto.

Mama, nilicheka. Si ndiyo yale yale ya kwenye chumvi? Tangu tufike Kigoma bwana afya hajachoka kutuimbia tule chumvi ya madini joto tusipate rovu. Sasa rovu nimelipata, naambiwa dawa yake ni madini joto, na papo hapo naambiwa kabla ya kuinywa nisionje chumvi yenye madini joto! Nikamwuliza kama hakuchanganya mafaili. Akasema tezi ni kama mtu: ikishinda na njaa itaimeza dawa yote, ikishiba dawa itaishia chooni. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa.

Nesi Rehema, mama wa Kizaramo mwenye sauti kali na moyo laini, akanionya: "Chumvi ya dukani usiiguse wiki mbili. Umenisikia, mama?" Nikamwambia nimesikia. Na kweli sikuigusa. Agnesi akipika, changu kilipakuliwa kabla hajatia chumvi. Ila wewe ulinifungia dagaa wa Katonga na kile kifuko cha chumvi ya Uvinza. Mimi sikuihesabu kuwa chumvi ya dukani. Ilikuwa chumvi ya kwetu, imetoka mikononi mwako. Mchicha usio na chumvi ulinishinda, nikawa nachovya kidole kwenye kifuko, kila siku kidogo.

Juzi wakaninywesha dawa kidogo ya kupimia, jana nikarudi. Wanakukalisha mbele ya mashine isiyokugusa, inakusogelea shingoni tu na kuhesabu miale. Mpimaji, kijana mpole anayeitwa Joakimu, akatazama namba, akasogeza kiti changu, akatazama tena.

"Dada, tezi yako imekataa kula. Umekula nini wewe?"

"Ugali, mchicha, dagaa."

"Na chumvi?"

"Ya dukani sijaigusa, haki ya Mungu."

"Ya wapi umeigusa?"

"Ya Uvinza. Ya mama yangu."

Joakimu akajifunika uso kwa faili. Rehema hakucheka hata kidogo. "Jamani! Kwani ya Uvinza haina madini joto?" Nikamjibu kwamba ile ni ya kwetu. "Ni ya kwenu, na madini joto imetiwa!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Usijilaumu, Mama. Bwana afya alikwambia uchague yenye madini joto, na alikwambia kweli. Wewe ulitii na mimi nikatii, na bado tumeharibu. Hilo nimeligeuzageuza tangu jana, silioni mwisho wake.

Basi nimeanzishwa upya. Wiki tatu bila chumvi ya aina yoyote, ndipo nipimwe tena na kupewa dawa. Wakati huo boti itakuwa imeshaondoka. Na nikishainywa, kwa siku nyingi nisilale na mtu, nisimpakate mtoto, nisikae karibu na mjamzito. Nilimwuliza Rehema, kama ni dawa, mbona wao wanaiweka ndani ya kopo zito la madini ya risasi na kujificha nyuma ya ukuta? Akasema, "Wewe unaipata mara moja, ikuponye. Sisi tunashinda nayo kila siku." Agnesi naye, tangu asikie neno miale, amenitengea kikombe. Anacheka, lakini hakirudishi kabatini. Simlaumu, ana kiumbe tumboni. Siku ya dawa nitahamia kwa masista, wana chumba kilicho peke yake.

Najua ulichoapa. Siku ile tulipokimbia Burundi, Kaka Leonidasi akasukumiwa boti nyingine, na mpaka leo hatujamwona. Ukasema ziwa hili hatutalivuka tena nusu nusu. Nilikuwa nimeshika kitenge chako uliposema, sijasahau. Kwa hiyo usidhani naandika haya kirahisi. Kuna saa nasema niache dawa, nipande treni, liwalo na liwe. Halafu nakumbuka siku ile moyo uliponienda mbio pale bombani, ndoo ikanidondoka nikaanguka nayo, na Furaha akadhani ni mchezo, akapiga makofi. Naiogopa dawa, Mama, na kuikosa naogopa zaidi.

Kwa hiyo nabaki. Nenda na katekista kwenye ofisi ya wakimbizi, jina langu walihamishie safari nyingine. Furaha akiniulizia mwambie mama anakunywa dawa chungu, hiyo ataielewa, ingawa hata ile ya kupimia haikuwa na ladha yoyote, ilikuwa kama maji tu. Usimwambie kwamba hata ningekuwapo nisingeruhusiwa kumbeba. Mimi mwenyewe mtu mzima, hilo halijaniingia akilini.

Nisalimie Mama Zainabu, mwenzako wa kuanika dagaa, na mjomba Gervasi fundi wa nyavu, mwambie asiache kukubebea mzigo mpaka bandarini. Katekista naye nampa pole ya koo kwa kusoma yote haya.

Mama, tangu nizaliwe sijawahi kukukatalia neno. Mpeleke Furaha kwa baba yake. Naomba unikubalie. Na kama hukubali, vuka hivyo hivyo, unikasirikie ukiwa ng'ambo.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Spesioza